Maswali ya Wasomaji: Je, kupe watuzuie kuhamia Maine?

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira, Kongo, na tunaishi Houston, Texas. Mume wangu amepewa kazi ya ufundi umeme katika kiwanda kimoja karibu na Lewiston, jimbo la Maine, kwa mshahara unaozidi anaoupata sasa, na huko tuna ndugu na watu wengi wa kwetu ambao kila siku wanatuita. Tumekwisha kuonyeshwa nyumba mbili za kupanga. Moja iko nje ya mji, ina uwanja mkubwa unaopakana na msitu, kodi yake ni ndogo, na mwenye nyumba ametutumia hadi picha za paa wakila majani nyuma ya jiko. Nyingine ni fleti ya ghorofa ya pili katikati ya mji, ndogo na ya bei ya juu. Mume wangu anaitaka ile ya kwanza ili watoto wapate pa kucheza. Sasa mfanyakazi mwenzangu aliyekulia Maine ameniambia kwamba kupe wa huko wana ugonjwa wa Lyme, kwamba shangazi yake aliugua na mpaka leo hajawa sawa, na kwamba kama ningekuwa na akili nisingewapeleka watoto. Watoto wangu wana miaka 12, 8 na 3, na huyo wa miaka 8 ana sikoseli. Je, tuikatae kazi?

Mama wa watatu, Houston

JIBU

Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe, kisha nitoe sababu zake: kwa ajili ya kupe peke yao nisingeikataa kazi hiyo, lakini nyumba ya msituni ningeiacha, hasa kwa sababu ya mtoto wako wa pili.

Mwenzako hakukutisha bure. Ugonjwa wa Lyme husababishwa na bakteria aitwaye Borrelia burgdorferi, na umepata jina lake kutokana na mji wa Lyme, Connecticut, ambako katikati ya miaka ya 1970 akina mama waliona watoto wengi mno wakivimba magoti, wakawashikilia maafisa wa afya mpaka uchunguzi ukafanyika. Maine, yenye wakazi wapatao milioni 1.4, iliandikisha wagonjwa zaidi ya 2,900 mwaka 2023, ilhali Texas, yenye watu zaidi ya milioni 30, huandikisha wachache mno. Kwa hiyo ni kweli kwamba mnatoka mahali penye hatari ndogo kwenda penye hatari kubwa. Ila tuipime hatari hiyo kwa hesabu. Wagonjwa 2,900 katika watu milioni 1.4 ni kama wawili katika kila elfu moja kwa mwaka. Wako wasioandikishwa, na ni wengi: Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, hukadiria kwamba watu wapatao 476,000 hutibiwa ugonjwa huu kila mwaka nchini kote, na hali walioripotiwa mwaka 2023 walizidi 89,000 kidogo tu. Hata ukizidisha mara tano kwa sababu hiyo, unapata watu kama kumi katika elfu, na wengi wao hupona kwa dawa ya wiki mbili. Hatari ya namna hiyo inastahili kuheshimiwa, lakini haitoshi kuifanya familia ikatae riziki, ikae mbali na ndugu zake. Na Houston nako mnaishi na mbu waenezao homa ya Nile Magharibi, ila kwa kuwa mmewazoea hakuna anayewaambia mhame.

Tena Maine si moja. Kaunti za pwani ya kati, kama Knox, Lincoln, Waldo na Hancock, ndizo zenye wagonjwa wengi kwa kulinganisha na idadi ya watu, ilhali Aroostook kule kaskazini ina wachache sana. Jimbo huchapisha takwimu hizi kwa kaunti na hata kwa mji katika tovuti yake iitwayo Maine Tracking Network, na mumeo anaweza kuzisoma bure kabla ya kutia saini mkataba wowote. Hata hivyo, ningewasihi msiziegemee kupita kiasi, kwa sababu tofauti kati ya nyumba mbili za mji mmoja huweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya kaunti mbili.

Sababu iko katika maisha ya kupe mwenyewe. Anayeeneza Lyme upande huo ni kupe wa miguu myeusi, ambaye huishi kama miaka miwili na kunyonya damu mara tatu tu: akiwa lava aliyetoka tu yaini, akiwa tunutu anayekua, na akiwa mzima. Bakteria humpata kwa panya wa porini, hasa wale wenye miguu myeupe, kisha humwambukiza mtu katika mlo unaofuata. Paa hawampi bakteria, ila kupe wazima hujilisha na kupandana juu yao, na paa wakiwa wengi kupe nao huongezeka. Katika kisiwa cha Monhegan, hukohuko Maine, paa waliondolewa wote mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupe wakapungua sana. Sasa tazama tena zile picha alizowatumia mwenye nyumba. Yeye anauza mandhari, na mimi ninaona daraja la kupe kutoka msituni mpaka mlangoni kwenu. Kupe huyu hukauka upesi juani, kwa hiyo hukaa kwenye majani makavu yaliyolala chini ya miti, kwenye vichaka, kwenye kuta za zamani za mawe na kwenye marundo ya kuni, yaani pale hasa mtoto anapofuata mpira uliopotea. Katikati ya nyasi fupi zinazopigwa jua hukuti kupe wengi.

Mumeo akishikilia kwamba watoto wanahitaji uwanja, na hoja yake ina uzito, basi tafuteni nyumba ya tatu: yenye uwanja ulio wazi, wenye jua, usiogusana na msitu. Na ikiwa hakuna nyingine ila ile, muulizeni mwenye nyumba ni nani anayeokota majani wakati wa kipupwe, kama atakubali muweke ukanda wa vipande vya mbao wenye upana wa mita moja kati ya nyasi na miti, na kama bembea za watoto zinaweza kusogezwa karibu na nyumba. Majibu yake yaingie kwenye mkataba kwa maandishi.

Linalonitia hofu zaidi kwa familia kama yako ni namna ugonjwa huu unavyojificha kwenye ngozi nyeusi. Wagonjwa 70 hadi 80 katika kila 100 hupata bato kwenye ngozi kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, nalo hutanuka polepole, siku baada ya siku, na huweza kufikia upana wa sentimita 30. Picha nyingi zinazobandikwa kliniki huonyesha duara jekundu juu ya ngozi nyeupe, lenye nukta katikati. Kwa mtoto wako bato hilohilo huweza kuwa la zambarau, la kahawia iliyoiva au la kijivu, bila duara lolote, ukadhani ameanguka akavilia damu. Mara nyingi haliumi wala haliwashi. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba wagonjwa weusi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, ugonjwa ukiwa umekwisha kufika kwenye viungo au mishipa ya fahamu, na sehemu ya sababu ni kwamba si mzazi wala daktari aliyefunzwa kulitambua bato kwenye ngozi hiyo.

Basi jifunze kulitafuta wewe mwenyewe. Msimamishe mtoto karibu na dirisha mchana, tazama ngozi ukiwa upande, kisha pitisha nyuma ya mkono wako juu yake, kwa kuwa bato huweza kuwa na joto lililozidi kidogo la ngozi inayolizunguka. Ukiliona, chora mstari kwa kalamu kwenye ukingo wake na upige picha. Kijipele kinachotokea saa chache baada ya kuumwa na kutoweka siku ya pili ni mwasho wa kawaida wa kuumwa, lakini doa linaloupita mstari wako kesho au keshokutwa ni la kupelekwa hospitali. Ukifika huko usisubiri kuulizwa. Sema kwamba mnaishi Maine, kwamba doa linatanuka, na onyesha picha. Kipimo cha damu katika wiki za mwanzo mara nyingi hutoka bila kuonyesha kitu, kwa sababu mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha, na daktari anaruhusiwa kuanza tiba kwa kuliona bato peke yake. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu kipimo hakikuonyesha ugonjwa. Yako pia maonyo yasiyohitaji bato: homa na uchovu wakati wa kiangazi bila kikohozi, uso kulegea upande mmoja, au goti kuvimba ghafla.

Kuhusu mwenye sikoseli, hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kupe huyuhuyu hubeba pia kimelea kiitwacho Babesia, ambacho huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na chini ya hadubini hufanana sana na vimelea vya malaria. Mtu mwenye afya huweza kukipata asijue. Lakini watoto wengi wenye sikoseli bandama yao imekwisha kudhoofika wangali wadogo, na mtu asiye na bandama inayofanya kazi huweza kuugua vibaya sana, hata kufa. Mwaka 2023 CDC iliiongeza Maine kwenye orodha ya majimbo ambako ugonjwa huo umeota mizizi. Kwa hiyo kabla ya kuhama, tafuteni daktari wa damu atakayempokea mtoto, na ziara ya kwanza iwe ya kumweleza habari ya kupe waziwazi. Homa ya nyuzi 38.5 kwa mtoto huyo ni ya kukimbilia hospitali siku zote, kama mlivyokwisha kufundishwa. Kinachoongezeka ni kwamba mtataja kupe, na kama mmetoka safari ya Kongo karibuni mtataja malaria pia, ili vyote viwili vitafutwe. Iko habari moja ya kutuliza moyo: tangu mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza damu inayotolewa katika majimbo kama Maine ipimwe Babesia, na hilo ni muhimu kwa mtoto anayeongezewa damu.

Shughuli za kila siku nitazipitia haraka, kwa kuwa si ngumu. Miezi ya kuangalia sana ni Mei, Juni na Julai, tunutu wanapokuwa nje, nao ni wadogo kama punje ya ulezi. Oktoba na Novemba huja kupe wazima, wakubwa kama punje ya ufuta. Watoto wakirudi kutoka nje, nguo ziingie kwanza kwenye mashine ya kukaushia, kwa joto kali, dakika kumi, kabla ya kufuliwa, maana kupe huvumilia maji kuliko ukavu. Waoge ndani ya saa mbili. Kisha wakague: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti. Kwa binti aliyesukwa, pitisha kidole taratibu kwenye kila njia kati ya mistari ya nywele na kwenye ukingo wa kisogo, kwa sababu kupe hupenda kutulia pale. Viatu na soksi za kuchezea vipuliziwe dawa ya kuua kupe iitwayo permethrin, nje ya nyumba, viachwe vikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Dawa hiyo haipakwi mwilini. Ngozi hupakwa dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30. Bakteria wa Lyme kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 za kupe kung'ang'ania kabla ya kuhamia kwa mtu, kwa hiyo ukaguzi wa jioni unaofanywa kweli una nguvu kuliko dawa yoyote nitakayokutajia. Chanjo ya binadamu iliyowahi kuuzwa Marekani iliondolewa sokoni mwaka 2002, na mpya imekuwa ikijaribiwa na kampuni za Pfizer na Valneva.

Na yule shangazi? Ninamwamini. Wako watu ambao hubaki na uchovu, maumivu na akili nzito kwa miezi baada ya tiba, na hawaigizi. Lakini wengi hawafiki huko, hasa wanaotibiwa mapema, na majaribio ya kuwapa watu hao antibiotiki kwa miezi mingi hayakuwaletea nafuu ya kudumu na wengine yaliwadhuru. Mkimkuta mtu Maine anayewauzia tiba ya namna hiyo, shikeni pochi zenu.

SWALI

Daktari, tulihamia Connecticut mwaka jana. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Kigoma, na juzi alipomwona kupe kwenye mguu wa mjukuu alimmiminia mafuta ya taa mpaka akaachia, kama walivyowafanyia mbuzi. Anasema yeye ameumwa na papasi tangu utoto na hakuna kilichompata. Je, mtoto yuko hatarini, na anaweza kuwaambukiza wenzake?

Baba, Hartford

JIBU

Ndugu yangu, mshukuru bibi kwa jicho kali, kisha uyafiche mafuta ya taa. Kupe akitiwa mafuta, kiberiti au rangi ya kucha hukawia kuachia, na huku akisumbuliwa huweza kutema mate zaidi kwenye jeraha. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute juu moja kwa moja bila kumsokota, kisha osha mahali hapo kwa sabuni au spiriti. Kipande cha mdomo kikibaki, ngozi itakitoa yenyewe.

Kama mlimwona kupe siku hiyohiyo mtoto aliyotoka kucheza, hatari ni ndogo. Kama kuna uwezekano kwamba alikaa zaidi ya siku moja na nusu, au alikuwa amevimba kwa damu, mpigie daktari leo, kwa sababu dozi moja ya antibiotiki iitwayo doksisaiklini ikitolewa ndani ya saa 72 tangu kupe atolewe hupunguza uwezekano wa kuugua. Wazazi huogopa kwamba dawa hii huharibu meno ya watoto, lakini madaktari wa watoto wa Marekani sasa wanairuhusu kwa umri wowote ikitumika kwa muda mfupi. Ndugu zake hawawezi kuambukizwa kwa kulala, kula wala kucheza naye.

Kuhusu papasi, mheshimu bibi, ila umweleze. Papasi hujificha kwenye nyufa za nyumba ya udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi ufani, na ugonjwa wake ni homa inayokwenda na kurudi. Huyu wa Connecticut hung'ang'ania kwa siku kadhaa, na bakteria wake ni wa aina nyingine. Kumzoea mmoja hakumkingi mtu na mwingine.

SWALI

Mimi ni muuguzi kutoka Eldoret, na nimepata kazi Freiburg, Ujerumani. Nitawachukua wanangu wawili, wa miaka 5 na 9. Mwalimu wetu wa Kijerumani ametuambia tuchanjwe dhidi ya kupe kabla ya kwenda. Nilidhani chanjo ya Lyme haipo. Je, anakosea?

Muuguzi, Eldoret

JIBU

Dada, mwalimu wako yuko sahihi, ila chanjo hiyo ni ya ugonjwa mwingine. Kupe wa Ulaya hubeba Lyme na pia virusi vinavyosababisha uvimbe wa ubongo, ambao Wajerumani huuita kwa kifupi FSME. Freiburg iko Baden-Württemberg, ambalo pamoja na Bavaria ni miongoni mwa majimbo yaliyo karibu yote kwenye ramani ya hatari inayotolewa kila mwaka na Taasisi ya Robert Koch. Wanaougua ni wachache sana wakilinganishwa na wa Lyme. Ila virusi hivyo vimo katika mate ya kupe, kwa hiyo kumtoa mapema hakusaidii kama ilivyo kwa Lyme, na ugonjwa ukishaingia hakuna dawa inayoutibu.

Chanjo hutolewa kwa sindano tatu na inafaa watoto kuanzia mwaka mmoja. Si lazima uitafute Kenya. Ukifika, bima yako ya afya italipia kwa kuwa mtaishi eneo la hatari. Kama mnaingia majira ya kuchipua, mwambie daktari, maana ipo ratiba fupi ya kuwahi msimu. Baada ya hapo, yote niliyomwandikia mama wa Houston kuhusu kukagua ngozi yanawahusu ninyi pia, kwa kuwa chanjo ya FSME haikingi Lyme hata kidogo.

Ukipata nafasi ya huyo mdogo katika chekechea ya msituni, ambazo Ujerumani zimejaa, usiikatae, kwa kuwa walimu wake huwa na uzoefu wa kupe. Shule nyingi humtaka mzazi aandike kama anaruhusu mwalimu amtoe kupe papo hapo au apigiwe simu kwanza. Weka alama penye kuruhusu, na chini yake uombe uandikiwe siku na mahali kupe alipouma, ili jioni ujue pa kuchora mstari wako wa kalamu.